Ujumbe Usio na Matope

Kituo kizima cha polisi kilikuwa na jozi moja tu ya pingu zinazofunga sawasawa, na siku hiyo zilikuwa mikononi mwa Emilie. Jozi ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu: ukiifunga haifunguki, ukiifungua haifungi tena. Kwa hiyo inspekta Kyakimwa alipomshusha msichana yule kutoka kwenye jeep, mbele ya depo ya Papa Jérôme katika komini ya Kisangani, alikuwa amemshika mfungwa wake pamoja na karibu nusu ya mali ya kituo.

"Madame, watu wananiangalia," Emilie alisema.

"Waangalie tu. Macho haiue mutu. Tembea."

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, ndiyo kwanza alikuwa amekaa baba yake, Papa Anselme, mvuvi wa kule maporomokoni, na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa juu ya magoti. Alikuwa ameifuata jeep kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli ya watu na sahani yake mkononi, kwa sababu kituoni walimkatalia kumlisha mtoto. Alipomwona binti yake alisimama. Kyakimwa alimwonyesha kwa mkono abaki pale pale, na roho ikamuuma, maana yeye pia alikuwa na baba.

Kesi yenyewe, ukiisikia kwa mkuu wa kituo, ilikuwa rahisi kama kumenya ndizi. Usiku wa Jumanne mtu alimpiga Mohamadi, mlinzi wa depo, kwa chuma kichwani, na katoni za simu mpya zilizokuwa zimeshuka uwanja wa ndege wa Bangboka siku hiyo hiyo zikapotea. Mohamadi alikuwa hospitalini, hajafungua macho. Kamera za uwanja wa depo hazikuona kitu. Kamera hizo zilisimikwa na Emilie, neno la siri la kuziongoza analo Emilie, na jioni ile Emilie alionekana depo. Basi nani mwingine? Parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, ilitaka faili kabla ya kufungwa jioni hii. Jina lake likishaingia humo, Emilie analala gereza kuu. Na watu wote wa Kisangani wanajua gereza lile: kuingia ni siku moja, kutoka ni majaliwa.

"Nipe mpaka jioni, chef," Kyakimwa alikuwa amemwomba mkuu wake asubuhi.

"Uko na kichwa mugumu kama mbuzi ya Butembo."

"Butembo ni kwetu, chef. Mbuzi zetu zinajua kupanda."

Mkuu alicheka, na katika kucheka akamwachia siku hiyo. Hakumwachia zaidi.

Papa Jérôme aliwapokea ofisini kwake, ghorofani, juu ya uwanja. Alikuwa mzee mnene, mpole, tajiri kwa chumvi na mchele, na rozari yake haikutoka kwenye vidole hata akizungumza bei. Alipoona pingu alikunja uso.

"Kyakimwa, mutoto wetu, karibu. Lakini huyu unamuleta huku kufanya nini? Mwizi anarudia kuangalia mahali aliiba?"

"Anakuja kunionyesha machine, Papa."

"Machine gani tena? Sikia. Mama yako na mimi tulibatizwa parokia moja. Sisi watu ya Kivu, huku mbali, tunasaidiana. Tia signature, mambo iishe. Muulize hata Isaïe."

Isaïe alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa mtoto wa ndugu yake Papa Jérôme, msimamizi wa depo, kijana mtanashati anayenukia marashi saa ya kazi. Siku hiyo chini alikuwa amevaa kandambili.

"Masikini huyu," Papa Jérôme aliendelea. "Ile siku nilimutuma Banalia kununua muchele. Camion, lori yetu, ikakwama kwa matope. Akaiacha, akapanda moto, pikipiki ya mutu, usiku muzima, na ile mvua tuliona! Asubuhi anaingia hapa, hata chai hajakunywa, anakuta Mohamadi chini. Anamubeba yeye mwenyewe kwa mikono yake. Alikuwa na viatu nyeupe, mupya, inang'aa hivi. Damu ikaharibu yote. Tangu ile siku anatembea na kandambili."

"Viatu si kitu, tonton," Isaïe alimwambia mjomba wake taratibu. "Mohamadi njo anaumia."

"Pole sana," Kyakimwa alimwambia. Alizitazama kandambili, akamtazama usoni, kisha akageukia kazi.

Kazi yenyewe aliianza kwa vitu vinavyoshikika, kwa sababu hakuwa mtu wa kompyuta na hakuona aibu kusema hivyo. Mezani kulikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta kinachoonyesha uwanja: magunia ya chumvi chini ya turubai, lori, geti. Pembeni yake iliwaka taa ndogo ya kijani. Picha zenyewe hazikuhifadhiwa hapa. Zilirushwa kwa antena, zikapita minara mitatu, mpaka ghala la pili la Papa Jérôme kule Bangboka, na kioo hiki, kama simu ya mzee, kilionyesha tu kilichofika huko. Mzee alitaka hivyo ili mwizi wa depo asiondoke na mali pamoja na ushahidi wake.

"Guelord!" Kyakimwa aliita. "Ng'oa ule waya."

Brigadier Guelord, mtu mkubwa mwenye njaa ya kudumu, alichomoa waya wa kamera. Taa ikawa nyekundu. Akaurudisha, ikawa kijani. Akazima antena: nyekundu. Akazima umeme: nyekundu.

"Papa, usiku wa Jumanne taa ilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Niliangalia kwa telefone yangu mbele ya kulala. Kijani, uwanja iko pale, hakuna mutu. Nikasali, nikalala."

"Picha ilikuwa inatembea?"

"Itatembea namna gani? Ni uwanja, Kyakimwa. Uwanja haitembee."

"Lakini mvua inatembea. Ile saa mvua ilikuwa inanyesha. Uliiona?"

Rozari ilisimama. Papa Jérôme aligeuza macho kwenye kioo.

"Mvua... Hapana. Uwanja ilikuwa kavu."

"Eeh! Njo vile!" Isaïe alidakia mlangoni. "Huyu musichana aligandisha picha. Code iko naye peke yake. Unatafuta nini tena, madame?"

"Natafuta kazi yako, Isaïe. Iko chini, nasikia vijana wanagombana kwa lori. Nenda uangalie."

Isaïe alimtazama mjomba, kwa maana huko kwao neno la mwisho ni la mkubwa. Papa Jérôme akaitikia kwa kichwa, na kijana akashuka. Kyakimwa alifunga mlango, akavuta kiti, akamkalisha Emilie mbele ya kioo.

"Sasa. Mutu mwenye code, akitaka kuiba, atafanya nini?"

"Atazima camera, madame. Ama ataiba kwanza, kisha atafuta picha yote kule Bangboka, na hakuna atakayejua." Alionyesha kioo kwa kidevu. "Mimi ningefuta. Huyu hakufuta, kwa sababu hakuweza. Huyu hakuwa na code. Alidanganya camera kutoka inje."

"Camera inadanganywa kama mutu?"

"Kuliko mutu. Angalia. Camera haitume picha nzima. Inaikata vipande, kila kipande ndani ya kifurushi chake. Lakini haijui njia ya Bangboka iko na upana gani. Donc, basi, inatuma kifurushi kikubwa, na juu imeandika: musinikate. Kikifika mahali pembamba, mnara inakitupa, na inarudisha ujumbe kwa camera: hii ni kubwa sana, punguza mpaka kiasi fulani. Camera inasikia, inapunguza. Njo vile inajua upana wa njia yake."

"Kwa kugonga kichwa."

"Kwa kugonga kichwa, ndiyo. Mnara ya tatu, ile ya karibu na Bangboka, njia yake ni nyembamba kidogo. Kila siku inasema punguza, camera inapunguza kidogo, picha inapita. Hakuna shida."

"Na camera inaamini kila mutu anasema punguza?"

Emilie aliinua mikono yake yote miwili pamoja, kwa vile haikuweza kuinuka mmoja mmoja.

"Hapo njo ugonjwa iko, madame. Haiulize 'wewe nani'. Ukiiambia njia imekuwa nyembamba kabisa, itakata picha punje kwa punje. Na kila punje inabeba anwani yake, na anwani ni kubwa kuliko punje. Njia inajaa makaratasi, picha haifike. Kule Bangboka inabaki ile ya mwisho. Lakini taa ya kijani ni neno moja tu, 'niko muzima'. Ni kadogo. Kanapita. Sawa mitego yetu kule maporomoko: samaki ndogo anapita, mukubwa anabaki."

"Lakini kwenu mukubwa akibaki munafurahi."

"Kwetu tunakula. Hapa ni mwizi njo alikula."

Papa Jérôme alikuwa amesogea. Mfanyabiashara hakosi kusikia panapovuja mali.

"Bon. Na kwa nini wewe, fundi, hukuziba hizo ujumbe yote? Mlango ikiingiza mwizi, mutu anaziba!"

"Nikiziba yote, Papa, mnara ya kweli ikisema 'punguza', camera haitasikia. Itaendelea kutuma kubwa, mnara itaendelea kutupa, kimya kimya. Taa kijani, picha hakuna, na mwizi hata hajazaliwa. Mafundi wengi wanaziba kwa woga, kisha wanashangaa."

"Donc kufungua ni hatari, kufunga ni hatari!"

"Dawa iko. Camera zipate njia yao peke yao, mutu mwingine asiingie. Nilikuambia, Papa. Siku ya kwanza."

Mzee alishusha macho kwenye rozari. Kyakimwa aliyajua yaliyobaki kabla hayajasemwa, maana hata nyumbani kwa shangazi yake mambo yalikuwa hivyo hivyo. Neno la kuingilia mtandao wa depo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu aliyetoka Kivu: wapwa, madereva, wageni wa wiki moja, kwaya nzima ya parokia. Mtu wa kwetu akifika, anapewa maji, anapewa kiti, anapewa connexion. Kumnyima ni kumwambia hana ndugu.

"Nitamunyima mutoto ya ndugu yangu connexion?" Papa Jérôme alisema, karibu kwa hasira. "Kule nyumbani watasema Jérôme amekuwa nani? Muzungu?"

"Na mimi nilinyamaza," Emilie alisema. "Nilipaswa kukataa kazi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naitaka."

"Hiyo tutaijadili siku mutu hafungwe," Kyakimwa alisema. "Huyu mwongo alikuwa wapi?"

"Ndani ya connexion ya depo. Ndani ya huu uwanja, madame. Antena ya ndani haifike hata barabarani. Na alikaa, kwa sababu camera ikikaa kidogo inasahau, inajaribu tena kifurushi kikubwa. Lazima kuidanganya tena na tena."

"Iliandika mahali fulani jina ya mwongo?"

"Hapana. Inasikia, inatii, inasahau."

Kyakimwa alitazama dirishani. Nje, upande wa mto, wingu lilikuwa limeanza kuweka giza. Alichukia kesi za namna hii, ambapo ushahidi unayeyuka kama chumvi, na saa ya parquet haiyeyuki.

"Akirudia leo, utamuona?"

"Nikikaa hapa, kwa hii kioo ya pili naona kila ujumbe inaingia."

"Na utajuaje hii ni ya mwongo, hii ni ya mnara? Wote wanasema punguza. Wote wanasema natoka mnara ya tatu."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Emilie alikaribia kutabasamu.

"Kila ujumbe inatoka na hesabu, madame. Kila mahali pa kupita wanakwangua moja. Ya kweli inatoka mbali, inafika imekwanguliwa. Ya mwongo inasema natoka mbali, lakini hesabu yake iko nzima. Mupya. Hakuna aliyeigusa. Mutu mwenye akili zaidi angeichakaza kwanza, mbele ya kuituma. Lakini wengi wanachukua uongo ya watu wengine kwa internet, wanaituma vile vile."

Kyakimwa alizikumbuka zile kandambili.

"Kama mutu anasema ametoka Banalia na moto," alisema polepole, "usiku muzima, na ile mvua. Na anaingia na viatu nyeupe vinang'aa."

Papa Jérôme alikuwa amefungua mdomo, na uso wake mweusi ulikuwa umepauka. Njia ya Banalia aliijua tangu ujana. Mtu haimalizi katika mvua ile bila pikipiki kuzama kwenye tope mara kadhaa, na anayefika anafika rangi moja, kuanzia kisogo hadi kisigino. Alikuwa amesimulia habari ya viatu vile kwa kila mgeni kwa siku kadhaa, kwa huruma, na hakuwahi kusikia maneno yake mwenyewe. Mkono wake uliingia mfukoni.

"Papa, telefone yako. Weka kwa meza."

"Unanishuku, Kyakimwa?"

"Hapana. Nakuogopea."

"Ni mutoto ya ndugu yangu."

"Na huyu ni mutoto ya Papa Anselme. Iko pale inje, anamungoja na chakula inapoa. Weka, Papa."

Mzee aliweka simu mezani. Ilimchukua muda, na Kyakimwa alimwonea huruma kweli, lakini aliichukua na kuitia mfukoni mwake.

Kisha akashuka uwanjani, akasimama katikati, akapiga kelele kama mama wa soko.

"Guelord! Unalala? Sikia! Geti ilikuwa na mnyororo, ufunguo iko kwa mufuko ya Mohamadi mpaka asubuhi. Ukuta iko na vipande vya chupa juu. Zile katoni hazikutoka! Ziko humu humu! Kesho asubuhi naleta watu, tutageuza kila gunia, hata ya chumvi!"

"Kesho, madame?" Guelord aliuliza. Alikuwa ameelekezwa ngazini cha kusema, na alisema kwa sauti ya kuigiza vibaya sana. "Si leo?"

"Leo mvua, na mimi napeleka huyu musichana gereza. Twende."

Wapakiaji walicheka. Isaïe, kwenye mlango wa lori, hakucheka wala hakukunja uso. Alisema tu kwamba mvua ikija vijana waende nyumbani, yeye atabaki kufunika chumvi. Jeep iliondoka na dereva na turubai lililovimbishwa nyuma kana kwamba watu wamejibanza chini yake. Kyakimwa alikuwa amerudi juu kwa ngazi ya jikoni. Guelord aliteremka kwenye kona ya pili, akarudi kwa miguu wapakiaji wakitoka getini, akajipenyeza nyuma ya mapipa karibu na geti. Kwa mwili wake ule, ilikuwa kama kuficha kiboko nyuma ya kinu, ila mvua ikamsaidia.

Ilikuja kwa kishindo, mvua ya Kisangani isiyobisha hodi. Bati lilipiga kelele mpaka watu watatu ofisini wakawa wanasikilizana kwa macho tu. Kwenye kioo uwanja ulikuwa mtupu, na mvua ilishuka juu ya turubai la chumvi kwa mistari mirefu. Taa: kijani.

Walingoja. Kyakimwa aliifikiria parquet, karani akifunga madirisha. Asipopata kitu kabla ya hapo, atalazimika kumpeleka Emilie kweli, na uongo alioupigia kelele uwanjani utakuwa ndio ukweli. Emilie alijua. Pingu zilikuwa zikigonga ukingo wa meza, tik, tik, na hakuweza kuzituliza.

"Labda haiko yeye," Papa Jérôme alinong'ona. "Unaona? Anafunika chumvi tu."

"Labda, Papa."

Na wakati huo huo, kwenye kioo, mvua ikakatika.

Juu ya bati ilikuwa ikipiga vile vile. Kwenye kioo mistari ilisimama hewani, pembe ya turubai ikabaki imeinuliwa na upepo, haishuki. Taa ilibaki kijani, tulivu, kama mtoto aliyeapa hakugusa sukari.

"Ujumbe," Emilie alisema. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha pili. "Inasema inatoka mnara ya tatu. Inasema punguza. Punguza mpaka kidogo kabisa, madame, mnara haijaombaka vile hata siku moja! Ingine tena. Ingine."

"Hesabu?"

"Nzima."

"Uko hakika?"

"Haijakwanguliwa hata moja! Haina matope!"

"Njia ya mwongo ni fupi," Kyakimwa alisema, akatoka mbio.

Alishuka ngazi akishika ukuta. Chini ya banda la chumvi, kwenye msumari, simu ilikuwa inaning'inia ndani ya mfuko wa plastiki, kioo chake kikiwaka, ikirusha ujumbe wake wa uongo peke yake. Isaïe alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameondoa magunia ya mstari wa kati, na kutoka katika tundu hilo alikuwa akitoa katoni, moja begani tayari, akielekea kwenye lori. Kandambili alikuwa amezivua, yuko miguu mitupu, na matope safari hii yalikuwa yamefika magotini.

"Isaïe! Unahamisha nini?"

Aligeuka. Kwa sekunde moja alikuwa bado mpwa mwema wa Papa Jérôme.

"Chumvi, madame. Inalowa."

"Siku hizi chumvi inakuja ndani ya katoni ya telefone?"

Aliitupa katoni miguuni mwake, akakimbilia geti. Mapipa yakaanguka, na Guelord akainuka katikati yake, amelowa, ana hasira ya mtu aliyekosa chakula cha mchana.

"Karibu, patron," alisema, akamkumbatia.

Isaïe alipiga mateke, akatukana, kisha akalegea.

"Mi nilikuwa Banalia! Uliza watu!"

"Nitauliza. Uliingia mujini ile Jumanne yenyewe, njia ingali kavu, mbele ya mvua kuanza. Ukalala mahali fulani pazuri, ukavaa viatu vyako. Matope ya Banalia uliisahau."

"Ni Emilie njo alifunga camera! Hata sasa, nenda uangalie, imefunga!"

"Najua imefunga. Emilie iko pale juu na pingu, na tonton yako anaangalia mikono yake."

Isaïe aliinua macho. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi na Papa Jérôme alikuwa amesimama pale, mvua ikimpiga kifuani.

"Tonton! Sema nao!"

Mzee aliegemea dirisha. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mvua, na ilibidi wasome midomo.

"Ile connexion nilikupa mimi. Mimi mwenyewe, siku ulifika. Nilikuandikia code kwa mukono."

"Sikutaka kumupiga," Isaïe alisema. Sasa alikuwa analia. "Nilikuwa naficha tu, nitoe polepole. Mohamadi alitoka kuangalia mvua. Akaniita kwa jina. Akaniita mutoto yangu, uko huku tangu lini?"

"Omba Mungu aamke," Kyakimwa alimwambia. "Omba kweli."

Walimpandisha ofisini. Guelord alimbana kwa mkono mmoja na kwa mwingine akajipapasa kiunoni, kisha akamtazama mkubwa wake kwa aibu. Pingu za kutu zilikuwa zimeondoka na jeep.

"Madame, tunamufunga na nini?"

Papa Jérôme aliinua kiganja. Ghafla alikuwa mzee sana.

"Kyakimwa, ngoja. Tufikiri kwanza. Huyu musichana akae nazo mpaka kesho tu, hata siku moja. Mimi niite familia, niite padri, tuongee. Kisha unasafisha jina yake polepole. Uko mutoto wa kwetu. Nakuomba."

Kyakimwa alimwangalia. Alimpenda mzee huyu. Jumapili ijayo angekaa nyuma yake kanisani, na wanawake wa Kivu wangesogeza viti mbali naye, na mama yake angepigiwa simu kutoka Butembo. Yote hayo aliyaona, na yalimuuma kweli.

"Pingu iko moja, Papa," alisema.

Alitoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni. Emilie aliinyoosha mikono, na chuma kikafunguka kwa mlio mdogo. Kikiwa bado kina joto lake, Kyakimwa akakifunga kwenye mikono ya Isaïe.

"Nenda," akamwambia Emilie. "Kesho utakuja kuandika ulichoniambia. Leo nenda ukule."

Emilie alisimama kidogo, kana kwamba hajui milango inafunguliwa vipi. Kisha akashuka, akavuka uwanja, akapita chini ya kamera, ambayo ilikuwa imeshasahau uongo na kuanza tena kurusha mvua yote mpaka Bangboka. Ng'ambo ya barabara Papa Anselme alikuwa pale pale, hakuwa amesogea hata jeep ilipoondoka. Alikuwa ameinamia sahani ili kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki visilowe, yeye mwenyewe akalowa kabisa.

Alimpa sahani bila neno. Emilie, kama alivyolelewa, aliipokea kwa mikono miwili, mmoja huku, mmoja kule. Papa Anselme aliitazama mikono hiyo, wa kulia, kisha wa kushoto, na nafasi iliyokuwa katikati yake, akaanza kulia bila aibu mbele ya barabara nzima.